Kinyonga Akataa Zulia

Punda waliombebea Ngiri chumvi walikuwa na vidonda migongoni, wakamtuma Kinyonga akawadaie matandiko. Mzee Punda, aliyembeba mjumbe huyo mgongoni, aliingiwa na hofu: Kinyonga hugeuka rangi.

Ngiri naye alilijua hilo. Akatandika zulia lake jekundu. "Shuka uketi, mheshimiwa, tuzungumze."

Mzee Punda akafumba macho.

"Najijua, tajiri," alisema Kinyonga. "Huwa nachukua rangi ya pale ninapokaa. Nitasemea hapa hapa mgongoni."

Chumvi ya mgongoni ikamwasha, naye asipunguze neno. Punda wote wakaweka mizigo chini, wakangoja. Kufika adhuhuri Ngiri akakubali.

Mzee Punda akashusha pumzi. "Sasa shuka, ndugu yangu, upumzike."

"Nitashuka matandiko yakifika," akajibu Kinyonga.