Kitambaa Chekundu Zizini

Baltazari alishika lango la zizi kwa mkono wake mzima, akaanza kutafuta kitambaa chekundu.

Tangu apigwe na kiharusi, macho yalikuwa mazima, lakini upande wa kushoto ulikuwa umemtoka akilini. Mara tatu alimwita mdogo wake mwizi wa ng'ombe. Mara tatu ng'ombe akakutwa amesimama kushoto kwake, naye akaomba radhi mbele ya watu.

Ndipo mtaalamu wa mazoezi kutoka Bunda mjini alipofunga kitambaa kwenye nguzo ya mwisho kushoto. "Mzee, usianze kutazama ng'ombe mpaka ukione hiki." Mdogo wake alicheka.

Shingo iligeuka polepole, ikauma. Kitambaa kile pale, ncha imetafunwa na ndama. Kuanzia hapo akawapitia ng'ombe kwa rangi zao, mmoja mmoja, mpaka nguzo ya kulia. Akarudia.

"Yule mwenye baka usoni simwoni."

Mdogo wake aliendelea kusokota kamba bila kuinua macho. "Si anasimamaga kushoto kwako, kaka. Hujamwona tu, kama siku zote."

Baltazari alikitazama tena kile kitambaa. Leo alikuwa ameanzia kushoto.