Taa Isiyotazamwa

Hilari aligonga sanduku la chuma kwa kalamu na kuuliza, kwa mara ya tatu, ufunguo uko wapi.

Fundi Yusufali alirudia jibu lake: miale ya taa iliyomo ndani inaua vijidudu vya maji, na inaweza kumpofusha mtu. Sanduku halifunguliwi hovyo.

Hilari alikuwa bwana afya kutoka Tabora. Mwaka ule wa 1975, kijiji kipya cha ujamaa jirani na stesheni ya Tura kilikuwa kimefungiwa mtambo wa majaribio. Pampu ilivuta maji ya bwawa, yakapita kwenye sanduku lenye taa, kisha yakatoka bombani. Zamani watoto waliharisha kila wiki. Sasa daftari la Flavia, muuguzi wa zahanati, lilionyesha miezi mitatu bila mgonjwa hata mmoja.

Hilari hakuwahi kuona daftari safi namna ile, na hakuliamini. Tena jenereta ilikuwa ikinguruma, lakini kwenye kioo cheusi cha kuchungulia hakuona hata dalili ya mwanga.

"Fungua, au nirudi na polisi."

Yusufali aliutoa ufunguo mfukoni. Ndani, taa ilikuwa nyeusi kama sufuria ya jiko la kuni.

Yusufali alikiri kwamba ilikuwa imeungua wiki ya pili tu. Aliandika barua Dar es Salaam mara nne, taa nyingine haikupatikana, akaogopa kusema.

"Kwa Mhindi kama mimi, Bwana Hilari, hawatasema taa imeungua," alisema. "Watasema nimeihujumu."

Hilari aliandika yote. Kama taa ilikuwa imekufa, basi daftari lilikuwa la uongo, na wawili hawa walikuwa wameshirikiana. Alimchukua Yusufali, wakampitia Flavia zahanati. Muuguzi aliposikia habari ya taa alikaa chini kwenye benchi. Aliapa kwamba hakughushi hata mstari mmoja, akawataka waende wakawaone watoto wenyewe.

Wakaenda nyumba kwa nyumba. Hilari alitazama macho, akabonyeza matumbo, akauliza habari za choo. Watoto walikuwa wanene na wasumbufu. Kufika nyumba ya nane, kalamu yake ilikuwa imesimama.

Hapo mwenye nyumba, bibi mmoja aitwaye Marcelina, aliitikia shikamoo yake na kumpa kikombe cha maji. Yalikuwa ya uvuguvugu, yakinuka moshi. Hilari alimwuliza kwa nini.

Marcelina aliwatazama wale wawili waliofuatana na mgeni, akasita, kisha akasema kwa sauti ndogo.

"Tunayachemsha, baba. Kijiji kizima, hadi yatokote sana. Taa inayopofusha macho itauacha utumbo wa mtoto? Tulinyamaza tu, tusije tukaambiwa tunapinga maendeleo."

Flavia aliinamisha kichwa.

"Lakini kuni zimetuchosha," Marcelina aliendelea. "Nasikia umelifungua lile sanduku. Tuambie kweli: taa yao bado inawaka? Kama imekufa, leo hii tunaacha kuchemsha."

Hilari alimtazama Yusufali. Akaichana karatasi aliyokuwa ameiandika, akavitia vipande mfukoni.

"Inawaka, mama," alisema. "Tena inawaka kuliko siku ya kwanza."