Orodha ya Walioimba

Mdomo wa mpiga fidla wa tatu ulisogea. Milada, mhariri wa video, akairudisha kanda nyuma, akatazama tena. Hapana shaka. Mkono unavuta upinde, mdomo unaimba.

"Huyo ni nani?" aliuliza Ndugu Hruška, amesimama nyuma ya kiti chake.

"Sijamtambua bado."

"Utamtambua. Wote utawatambua."

Hruška alikuwa mtu wa ofisi ya utamaduni, na bila muhuri wake hakuna kanda iliyotoka Brno kwenda popote. Jumanne ile Oldřich Vaněk, Olda kwa rafiki zake, alikuwa amepiga tarumbeta lake la jazi mbele ya okestra nzima. Ukumbi ulijaa, na kamera tatu zilirekodi onyesho litengenezewe kanda ya video, watu waitazame majumbani kwao. Wageni wanne wa Olda walikuwa na kibali. Wa tano hakuwa kwenye karatasi yoyote. Olda alimshika mkono tu, akamtoa nyuma ya pazia: Bohdana Říhová, aliyepigwa marufuku kuimba tangu miaka kumi na saba nyuma. Akaimba wimbo wake mmoja. Ukumbi ukaimba naye, na okestra pia.

"Yule mwimbaji utamkata kwenye kanda," alisema Hruška. "Hilo dogo. Ninachotaka ni majina. Kila mdomo uliosogea. Wizarani wanayasubiri leo."

"Kwani wewe hukuwaona, ndugu? Ulikuwa umekaa mbele kabisa."

"Nilitoka kuvuta sigara. Wimbo mzima nilikuwa nje."

Akatazama saa yake. Saa tano kasoro, Ijumaa, na chini barabarani magari yalikwishaanza kuelekea mashambani, kila mtu na kijumba chake cha mapumziko. Hruška akatoa fomu ya ripoti, akaweka saini chini, akagonga muhuri juu ya saini. Fomu ilikuwa tupu. Ijumaa zote alifanya hivyo.

"Jaza mwenyewe, uambatanishe na kanda ya ushahidi, ufunge. Tarishi atapita saa nane. Mke wangu yuko garini na miche ya nyanya, inanyauka."

"Hutaisoma kwanza?"

"Kwani hujui kuandika?"

"Najua."

"Basi."

Hruška hakuwa amefika hata ngazi za chini, Olda akaingia bila kubisha hodi.

"Kumbe kweli. Unaandika watu majina."

"Niko kazini, Olda."

"Yule wa fidla ana watoto watatu. Naye utamwandika?"

"Nitaandika nilichokiona."

"Basi usimsahau mama yangu. Safu ya tano, kofia ya buluu. Aliimba kuliko wote, na sauti hana."

"Nimemwona," alisema Milada. "Kweli hana."

Olda hakucheka.

"Niandike na mimi. Kwa herufi kubwa."

"Wewe ulikuwa na tarumbeta mdomoni. Ungeimbia wapi?"

Olda alimtazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha mahali na hakikuti. "Miaka sita nakuita rafiki," alisema. "Nikikuona barabarani, navuka upande wa pili." Mlango aliubamiza mpaka vioo vikatetemeka.

Milada akatoa mkate wake, uliopakwa mafuta ya nguruwe na kitunguu juu. Kanda ya kamera ya kwanza, iliyowafuata Olda na wageni wake, hakuigusa. Akaweka ya kamera ya pili, iliyotazama okestra, akaitafuta sehemu ya wimbo ule, akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi. Akaiacha mashine izunguke huku akila taratibu. Kisha akaweka ya kamera ya tatu, iliyotazama watu, akabonyeza tena. Mara moja tu alikizima kitufe, akahesabu kimoyomoyo, akakibonyeza tena.

Alipomaliza alifuta makombo mezani, akavuta taipureta. Fomu ilikuwa na mistari ishirini. Kwenye nafasi ya aliyeandaa, ambayo watu wengi huiacha wazi wakiogopa baadaye, aliandika jina lake kamili na anwani ya nyumbani. Jumatatu itakuja na mambo yake. Na ije.

Saa nane kamili tarishi alifika, kofia ya pikipiki kwapani. Akaipima bahasha mkononi.

"Wangapi safari hii, Bi Milada?"

"Wa kutosha."

"Masikini," alisema tarishi, akaenda kuwahi treni ya Praha, wizarani.

Milada akakaa. Akairudisha kanda ya kwanza mwanzo, akaongeza sauti, akamwacha Bohdana aimbe mpaka mwisho, dirisha likiwa wazi.

Bahasha nayo ilikuwa njiani. Ndani yake mlikuwa na fomu yenye muhuri, na kwenye mistari yake ishirini ya walioimba, jina moja tu. Mlikuwa na kanda ya kamera ya tatu: giza tupu dakika tatu nzima, katikati yake sekunde kumi na moja za safu ya mbele, kiti cha nne, ambako Ndugu Hruška, miwani juu ya paji la uso na machozi mashavuni, alikuwa akiimba ubeti wa pili bila kukosea hata neno.