Sikio la Bibi Yake Zuwena

Kipindi cha mtandaoni kilikuwa kinakaribia kwisha pale bibi yake Zuwena alipoichukua simu ya mjukuu wake.

"Mwalimu Mbaruku, mwanangu, sikucheleweshi. Umemwandikia mtoto kwamba insha yake uliisoma mara mbili, machozi yakakulengalenga. Insha yenyewe inamhusu marehemu binti yangu, mama yake huyu. Hebu niambie, palikuliza wapi?"

Uso ukamwaka Mbaruku. Insha ile hakuisoma hata mstari mmoja. Aliitupia programu ya kompyuta, nayo ikamtungia sifa, machozi na yote. Yeye alituma tu, huku akinywa chai.

"Bibi, ni... ni pote," akasema.

"Pote wapi, baba? Nisomee hapo, nami nilie."

Akaifungua insha kwa mara ya kwanza. Herufi zikamchezea machoni. Bibi, akidhani mtandao ndio unaomnyima sauti, akaigandamiza simu shavuni kama alivyozoea, na kioo cha kompyuta ya Mwalimu kikajaa sikio lake, lenye hereni ya fedha, likingoja.