Wiki Moja ya Kila Mwaka

"Tunafunga sasa hivi, mzee," karani alisema kutoka dirishani, akimsogezea Mzee Shekuwe kidau cha wino. "Ukitia dole hapa, nyumba ya pwani umeirudisha. Kesho haiwezekani tena."

Juzi alitia dole kwenye mkataba wa nyumba hiyo akicheka: wiki moja ya mapumziko kila mwaka, yeye na mkewe, maisha yao yote. Jana binti yao Rukia akamsomea karatasi ya mwisho ya mkataba. Baba akifa, ada ya kila mwaka ataendelea kuilipa Rukia.

"Mashuka ya kule nimeshashona, Baba Rukia," mkewe alisema nyuma yake. "Na mashoga nimeshawaaga."

Mzee akachovya dole. Karani akaanza kuvuta dirisha kulifunga. Dole likabaki hewani juu ya karatasi, wino ukikauka.