Mpini Uliomzoea Bwire

Mbao za siku hizi zinaoteshwa kwenye madumu, na zinamzoea mtu wa kwanza anayezishika. Kila fundi anajua: ukikereza mpini wa fimbo ya kuvulia, vaa glavu mpaka mwenyewe aje aushike.

Bwire alivua glavu zake. Alipomaliza kupiga msasa, akaupapasa mpini kwa kiganja kitupu, kama alivyofundishwa na baba yake, maana glavu haisikii mkwaruzo. Mpini ukatoa jasho. Ukaota vinyweleo. Harufu ya kwapa lake mwenyewe ikampanda puani, akatema mate.

Mteja, Bwana Kachwele, aliusogelea, akarudi nyuma akiziba pua. "Sasa fundi, nivue sangara huku nimekukumbatia wewe? Niondolee uchafu wako!"

Kuutupa ni kosa, kwa kuwa sheria inauhesabu kama kiungo cha mtu. Bwire akaupeleka nyumbani. Mkewe, Nyangeta, akaufinyafinya ule mpini wenye unyevu na kukunja uso. Bwire, aliyekuwa uani, akaruka: mbavu zake ndizo zilizofinywa.

"Kumbe!" Nyangeta akacheka mpaka akakaa chini. "Leo utafua mwenyewe, baba Sabato."

"Mama Sabato, nakuomba, hilo lidude lifungie kabatini."

"Nilifungie? Naenda nalo sokoni."

Bwire akabaki anafua, akihisi mbavuni kiganja cha mkewe, chembamba, chenye pete. Mara kikamwachia. Kikaja kingine, kipana, chenye utelezi wa magamba ya samaki, kikampapasa taratibu, bila haraka yoyote.