Kizio cha Kaskazini

Mwalimu Mgeni alitangaza kwamba atakayekosa atarudishwa darasa la chini, kisha akamgeukia Shekue. "Dunia ina nusu mbili. Misri ya kale ilistawi katika nini cha Kaskazini?"

Shekue alikumbuka mto, bonde na jangwa. Neno lenyewe lilikuwa limehama nchi.

Ghafla Bi Hidaya, mpishi wa bweni, akachungulia dirishani. "Nani kaniibia nazi?"

Shekue alisimama. "Ni mimi, Bi. Lakini nilichukua kizio kimoja tu, kingine nimekuachia!"

"Kizio! Sahihi kabisa," alisema Mwalimu. "Kaa, mwanangu."

Shekue aliketi, akashusha pumzi kama mfalme aliyenusurika vitani. Pale dirishani, Bi Hidaya alikuwa akikunja mikono ya gauni lake, taratibu.